Mivukuto ya Mukamurenzi

Goma, tarehe 3 Oktoba 1954

Kwa Pascasie, dada yangu wa tumbo moja,

Yesu asifiwe. Mimi ni muzima, watoto wazima, muke wangu anakusalimu na anauliza kama ile mbegu ya njegere ilishika. Ila moyo wangu umejaa kama chungu cha maharage ambacho mutu amesahau kukifunua. Nitakifunua kwako, maana kwa nani tena?

Jembe limepasuka.

Unajua ni jembe gani. Lile la kumuombea mutoto wangu Munyakazi muke wake, Apolline wa Kibati. Tulikwenda Jumapili baada ya Misa, wazee wa kwetu na wa kwao, pombe iko, maneno mazuri yako. Baba yake Apolline akalishika jembe langu, akaligonga kwa jiwe namna wazee wanavyofanya ili kulisikia. Dada, halikulia. Lilisema "kwa!" kama mutu anayekohoa, na ufa ukatokea kutoka shingoni mpaka kwenye makali.  Kisha shangazi yake Apolline, mama mumoja munene mwenye sauti ya baragumu, akasema: "Ee! Nyumba ya muhunzi imeleta ganda la yai!" Wakacheka mpaka pombe ikamwagika. Mimi, mutoto wa Muzee wetu!

Baba yake Apolline si mutu mubaya. Aliniambia pembeni: "Munyaneza, rudi na jembe linalolia. Lakini lije mbele ya Adventi. Padri hafungishi ndoa katika Adventi, na kuna karani mumoja wa biro ya serikali naye anapita pita hapa kuuliza habari ya binti. Sitaweza kumuzuia mpaka mwaka mupya." Ndiyo hali yetu. Jembe zima mbele ya Adventi, ama Apolline anakwenda kwa karani. Munyakazi hali chakula. Anakaa tu anaangalia miguu yake.

Sasa nikuambie kosa ni la nani. Ni la mume wako.

Usikasirike kwanza. Unajua kwetu jembe la mahari linavukutwa na mukwe wa nyumba, yule ambaye sisi tulimupa muke, ili naye asaidie mwingine kupata. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Ndiyo sababu nilimuita Hategekimana kutoka Kiwanja, na alikuja upesi, Mungu amubariki kwa hilo. Mikono yake ina nguvu. Shida ni kinywa. Hataki kuimba wimbo wa mivukuto. Anasema yeye sasa ni musaidizi wa katekista, na huu ni mwaka wa Mama Maria, hawezi kuimba mambo ya zamani. Anaimba nyimbo za kanisa.

Mimi ni Mukristo. Nilibatizwa wakati yeye bado anachunga mbuzi na hirizi iko shingoni. Lakini wimbo wa kanisa haukutungwa kwa ajili ya chuma! Wimbo wa baba ukifika mwisho, chuma kiko tayari, mivukuto inatulia, ndimi za moto zinashuka, mukono wangu unaingia na koleo, nakitoa. Wimbo wa Hategekimana una beti na beti tena. Naona chuma kimekuwa cheupe, kinatoa cheche, na moto unapanda mpaka usoni, mukono hauwezi kuingia. Napiga kelele: "Shemeji, basi! Kinaungua!" Yeye amefumba macho, anavukuta tu mpaka Amina. Namuuliza: "Kwa nini hukuacha?" Anajibu kwa upole: "Bikira Maria hakatishwi katikati, shemeji." Nimujibu nini hapo? Nikisema akatishwe, mupagani ni mimi.

Chuma kilichoungua hakina toba. Nililifua jembe hivyo hivyo, nikisali, na umesikia lilivyosema.

Muandikie mume wako. Wewe anakusikia.

Ndugu yako,
Munyaneza

*

Kiwanja, 10 Oktoba 1954

Kaka yangu Munyaneza,

Amani ya Bwana. Barua yako ililetwa na Nasoro kwenye kamyo yake ya samaki, inanuka, lakini nimeisoma yote.

Unanipa habari ya kinywa cha mume wangu kama vile ni habari mupya. Kaka, mimi ndiye ninayeishi nacho! Na nani alikudanganya kwamba ananisikia? Tangu awe musaidizi wa katekista, sala ya chakula ni ndefu mpaka ugali unaota ngozi. Ulipomuita kuja Goma nilimushukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Sasa unataka kunirudishia?

Subiri nikuambie kubwa. Padri alihubiri juu ya ile mila yetu, kwamba wanawake tunakataa kutaja majina ya baba na mama wa waume zetu. Padri alisema kwa upole, kwamba jina ni jina, tusiliogope. Mume wangu akalichukua neno lile kama nyundo. Kila jioni, kabla hajaja kwako, alinisimamisha mbele ya watoto: "Sema jina la baba yangu. Sema! Ni jina tu, halina meno." Wewe unajua namna mama alivyotulea. Tangu niolewe, jina la yule muzee halijapita mudomoni mwangu. Hata ile mboga inayofanana nalo naiita "majani ya upande ule". Nafunga Kwaresima, naungama, nafagia kanisa, lakini hilo hapana. Basi Jumapili moja, kabla hujamuita, akasimama mbele ya waamini akasema katika nyumba yake mila hizo zimekufa na kuzikwa. Nilitaka kuingia chini ya benchi.

Nimemupelekea mama habari ya jembe, kule ng'ambo ya kijito kwenye shamba la marehemu baba. Aliuliza neno moja tu: "Waliliimbia nini?" Nikasema: "Bikira Maria." Akatikisa kichwa. "Bikira Maria tunamuheshimu," akasema, "lakini aliolewa na seremala."

Muambie Hategekimana kwamba ndani ya wimbo wa baba hamuna shetani. Ni baba anamutania mama kwa hasira zake, akaipa mivukuto jina lake kwa sababu nayo inapumua kwa nguvu. Muandikie maneno ayaone kwa macho. Anayefua anaita, anayevukuta anajibu:

Nani anapumua nyuma ya kiambaza?
— Mukamurenzi!
Nani amenuna tangu asubuhi?
— Mukamurenzi!
Nani chungu chake hakipoi?
— Mukamurenzi!
Nani tutamuomba atulie?
— Mukamurenzi, tulia!

Dhambi iko wapi? Baba alikufa na rozari mukononi na wimbo huu kichwani, na naamini vyote viwili vilimufikisha.

Dada yako,
Pascasie

*

Goma, 18 Oktoba 1954

Dada Pascasie,

Nimefanya ulivyosema, na sasa mambo ni mabaya kuliko mwanzo.

Nilimusomea mume wako maneno yote. Alisikiliza, akaangalia chini, akasema: "Sawa, shemeji, dhambi hamuna." Nikafurahi. Tukawasha moto. Nikaita: "Nani anapumua nyuma ya kiambaza?"

Kimya. Na mikono ikasimama hewani!

Nikamuuliza: "Shemeji, umeona nyoka?"

"Hapana. Ni kifua."

Akakohoa. Tukaanza tena. Nikaita. Akafungua mudomo, jasho likatoka, akakohoa. Mara ya tatu hakungoja hata niite, alikohoa mapema. Pascasie, mutu huyu akibeba gunia la makala ya kuwashia moto hakohoi. Akila hakohoi. Akisema Baba Yetu hakohoi. Anakohoa kwenye jibu tu.

Nikasema basi, nitaita mimi na nitajibu mimi, yeye avukute. Lakini jibu linaanguka pale pale ninapovuta pumzi juu ya moto. Nilimeza moshi mpaka machozi, tukawa wawili wa kukohoa. Hapo akapita Kakule, yule Munande anayeleta makala, akasema: "Wakubwa, ni jina moja tu, mimi nitajibu." Akajibu. Anajibu kama mutu anayeita mbuzi aliyepotea! Mara mapema, mara amechelewa, mara anacheka katikati, na mikono ya mume wako inafuata sauti, ikasimama na kwenda, kusimama na kwenda. Chuma kilitoka nusu kibichi. Nilikipiga kikajikunja kama sikio la mbwa. Kakule akasema: "Papa Munyaneza, hili ni jembe ama ni kijiko cha mupishi?" Nilimufukuza na gunia lake.

Mwingine wa kujibu sina. Vijana wangu wote serikali, hii Leta yetu, imewachukua kwenye kazi ya barabara. Munyakazi haruhusiwi kukaribia, maana bwana arusi haoni jembe lake likiwa motoni. Na chuma chenyewe kinakwisha. Ile resori, springi ya chini ya kamyo aliyonipa Nasoro, imebaki kipande cha jembe moja. Nikiharibu hicho, sina kingine mbele ya Adventi.

Sasa nikuambie ninachofikiri, na Mungu anisamehe kama nimekosa. Yule karani anayemutaka Apolline anakaa benchi moja na mume wako kanisani. Niliwaona wakisalimiana kwa mikono miwili. Nauliza: je, Hategekimana anataka Munyakazi akose? Nikijua ni hivyo, hatakanyaga tena mulango wangu, hata kama ni baba wa mutoto wako Dancille, hata kama ni mume wako. Nasema hivyo na roho inaniuma.

Ndugu yako,
Munyaneza

*

Kiwanja, 24 Oktoba 1954

Baba Dancille,

Dancille ni muzima, mbuzi wazima, paa la jikoni linavuja pale pale uliposema utalitengeneza.

Kaka yangu ameniandikia. Anasema ukifika kwenye kujibu unashikwa na kifua. Anasema labda umeshikana na yule karani ili Apolline aende kwake. Niliposoma mara ya kwanza nilihuzunika. Kisha nikakaa kuchambua maharage, nikaanza kuuimba ule wimbo polepole, na nilipofika kwenye jina nikaacha maharage. Nilicheka mpaka Dancille akakimbia kutoka shambani kuuliza nani amekufa.

Ni jina la mama yangu. Ni mama mukwe wako, na huwezi kumutaja!

Wewe! Wewe uliyesema mbele ya waamini kwamba mila hizo zimekufa na kuzikwa. Wewe uliyenisimamisha kila jioni mbele ya watoto. "Ni jina tu, halina meno." Basi limekuuma wapi, bwana? Kwenye kifua?

Na kumuweka Bikira Maria mbele yako kama uzio wa kujificha nyuma yake, hiyo ni dhambi ya namna gani katika katekisimu? Wewe ndiye unayeijua kwa kichwa.

Sikuandikii ili kukutukana tu. Kukutukana ni nusu. Nusu ya pili ni hii: mutoto wa kaka yangu atakosa muke, na kaka yangu anakaribia kukufunga mulango kwa jambo ambalo hukufanya. Muambie ukweli, ama imba. Chagua.

Muke wako,
Mama Dancille

*

Goma, 31 Oktoba 1954

Mama Dancille mupenzi,

Salamu katika Kristo. Barua yako nimeisoma nyuma ya kanisa, kisha nikaichoma. Kila neno lake ni kweli. Lile la dhambi nilimuuliza padri katika maungamo, lakini sikueleza sana, na yeye hakuelewa sana, akanipa rozari moja.

Nilipokuja Goma sikujua kwamba yule mama yumo ndani ya wimbo. Siku ya kwanza kaka yako alinikalisha kwenye mivukuto akaanza kunifundisha, na mimi nikasikia jina lile linaanguka pamoja na nyundo, tena kwa utani, "amenuna", "hakipoi". Nilitoka jasho baridi mbele ya moto. Ndipo nikasema: mimi naimba za kanisa. Lilitoka kabla sijafikiri. Na mutu akishatanguliza jina la Mungu, anarudije nyuma?

Usifikiri sikujaribu. Nilikwenda mpaka kwenye mawe meusi ya volkano, mahali hamuna mutu, ni mijusi tu. Nikasema leo nitalitaja. Nikataja nusu. Hapo nikamuona mama yako alivyosimama kwenye mulango siku ile nilipokuja kukuomba. Alikuwa ananipima. Kisha akasogea pembeni nipite. Kusogea kule, Mama Dancille, ndiko kulikonipa nyumba. Mutu aliyenipa muke, jina lake si kitu cha kupigia chuma.

Kwa hiyo nimejua kwamba mimi ni mutu wa kulaumu wengine kwa muzigo ninaoubeba mwenyewe. Sijapenda kulijua hilo, lakini nimelijua.

Kuhusu yule karani, nilimusalimu kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa ameniazima mwavuli. Ni hilo tu!

Nakuomba uniapie: usimuambie kaka yako. Atacheka, atamuambia Kakule, na Kakule anapita nyumba kwa nyumba na makala. Jua halitazama kabla Goma yote haijajua kwamba musaidizi wa katekista anaogopa jina la mama mukwe. Tafuta njia nyingine. Wewe unajua njia.

Mume wako,
Hategekimana

*

Kiwanja, 9 Novemba 1954

Kaka Munyaneza,

Usimufukuze mume wangu. Karani alimuazima mwavuli, basi. Anatamani Munyakazi apate muke kuliko wewe unavyofikiri.

Kuna sababu ya kile kifua. Ninaijua. Nimeapa kutokuisema, na kiapo changu si maji ya kunawa. Usiniulize. Usimuulize yeye. Na zaidi ya yote usizungumze na Kakule.

Sasa sikiliza vizuri. Mama anakuja. Ndiyo, mama yetu, aliyekataa kuja Goma hata kwa ubatizo wa watoto wako kwa sababu kamyo inamutikisa matumbo. Nilimueleza mambo yote tukiwa tunatwanga muhogo, maana juu yake yeye sikuapa. Alicheka kidogo. Akashika muchi bila kutwanga. Kisha akauliza: "Nasoro anapakia lini?" Nikasema mama, njia ni mbaya, mvua imeikata. Akasema: "Njia haijaolewa na muhunzi. Mimi niliolewa naye."

Kwa hiyo fanya hivi. Tandika mukeka nje ya uzio wa matete, upande ule wa mivukuto. Uzio usiwe na tundu, ili mukwe na mama mukwe wasionane. Wewe uite kama kawaida. Yeye atajibu kutoka nje. Hategekimana avukute tu, asiseme kitu.

Na usianze kusema eti mwanamuke hakaribii moto wa kufulia. Nilimuambia utasema hivyo. Jibu lake ni hili, nakuandikia kama alivyolisema: "Nimeishi nje ya uzio wa muhunzi tangu nikiwa kijana. Hakuna mutu wa kunionyesha pa kukaa."

Kamyo inatoka kesho. Amebeba kuku mumoja, usimuulize ni wa nini.

Dada yako,
Pascasie

*

Goma, 16 Novemba 1954

Mama Dancille,

Imefanyika. Nakueleza mimi, kwa sababu kaka yako alikuwepo lakini hakuona.

Mama yako alishuka kwenye kamyo ya Nasoro amejaa matope mpaka kwenye mashavu. Sikumuona, nilikuwa nimekwisha kujificha nyuma ya choo. Nilisikia tu anamuambia Nasoro: "Baba, wewe unaendesha kama mwizi anayefukuzwa na wenye ng'ombe."

Asubuhi alikaa kwenye mukeka nje ya matete, na mimi ndani nikaegemea upande wa ukuta, nimegeuza uso. Kati yetu ni majani makavu tu. Nilimusikia anajipanga, anasafisha koo. Kaka yako akaweka kile kipande cha mwisho motoni, akafanya ishara ya musalaba, akaita: "Nani anapumua nyuma ya kiambaza?"

Na yeye akajibu. Alitaja jina lake mwenyewe.

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Sijui nikueleze namna gani. Sauti ni ya zamani, imepasuka kidogo, lakini haikuchelewa hata kidogo. Kwenye "amenuna tangu asubuhi" alijibu kwa kununa kweli. Kwenye chungu alijibu akicheka. Na alipofika "tulia," alilisema taratibu, mivukuto ikakaa chini kama mutoto aliyeshiba, na kaka yako akaingiza koleo bila kuungua nywele hata moja.

Unajua chuma hakifuliwi kwa moto mumoja. Kilirudi na kurudi, na kila kikirudi yeye alijibu, mpaka jua likasimama juu. Katikati, wakati kaka yako anapiga, nilimusikia anaongea nje, si na mutu. Alisema: "Muzee wenu aliniita kila siku ya kazi katika maisha yake. Mimi niko jikoni nasikia ananiita, na vijana wanajibu kwa niaba yangu wanacheka. Leo nimeitika." Pascasie, nilivuta mivukuto ili asisikie pua yangu.

Nimemuandikia katekista wetu wa huko Kiwanja. Nimemuambia habari ya majina ya wakwe atafute mwingine wa kuifundisha, mimi nitabaki na sala na kengele. Akiuliza kwa nini, nitasema kifua. 

Na wewe, baba yangu muite unavyomuita, ama usimuite. Sitakusimamisha tena. Wala sitakupigia kelele, na lile paa la jikoni nitalitengeneza nikifika.

Mume wako,
Hategekimana

*

Goma, 22 Novemba 1954

Dada Pascasie,

Mungu ni mukubwa. Lililia!

Jana tulikwenda Kibati. Mama alisema lazima naye aende, nikamuambia wazee wanaume ndio wanaopeleka jembe, akasema hapeleki jembe, anapeleka kuku. Ndiyo, yule kuku. Tulipofika, yule shangazi munene wa Apolline alikuwa amekaa mbele kabisa kama aliyelipa kiti. "Mumetuletea yai lingine?" akauliza. Kabla sijafungua mudomo, mama akamuwekea kuku kwenye mapaja na kumuambia: "Huyu ndiye wa mayai. Shika, uache chuma kwa wenye chuma." Watu walianguka kwa kicheko, na shangazi mwenyewe akacheka, akamufunga kuku miguu akamuweka chini ya kiti chake. Tangu hapo wale wawili hawakuachana.

Baba yake Apolline akachukua jembe. Nilishika rozari ndani ya mufuko mpaka punje zikanichoma. Akaligonga kwa jiwe. Dada, lililia kama kengele ya Pasaka. Alingoja sauti ife, haikufa upesi. Akaligonga tena, nafikiri kwa sababu aliipenda tu. Akamupa muke wake, muke wake akalipeleka ndani, na nilipoliona linapita ule mulango nilikaa chini bila kuambiwa kaa.

Apolline alitoka kusalimu. Munyakazi aliangalia miguu yake tena, lakini safari hii alikuwa anacheka. Matangazo ya ndoa yamekwisha kusomwa kanisani zamani, kwa hiyo Padri atawafungisha Jumamosi hii, siku ya mwisho mbele ya Adventi. Njoo na Dancille. Njoo na njegere. Nasoro atakubeba, ila funga tumbo kwa kitambaa.

Nimemuomba Hategekimana musamaha kwa habari ya karani. Alisema: "Hakuna neno, shemeji." Nikamuuliza kama kifua kimepona. Akakohoa.

Na hapa ndipo ninapochoka kabisa. Mama hataki kurudi Kiwanja. Kila asubuhi anatoka na mukeka wake, anakaa nje ya matete, anangoja. Nikija kunoa panga la mutu, kazi isiyohitaji hata moto, yeye anapiga kelele: "Munyaneza, huniiti?" Inabidi niwashe makala ya bure. Na mume wako ndani amegeuza uso ukutani, anavukuta kama dume la ng'ombe. Hawaonani. Hawasemeshani. Mume wako akitaka kumupa mama maji ya kunywa anayapitisha kwa muke wangu. Na nakuapia, katika nyumba hii hamuna watu wawili wanaopatana kama wale.

Wewe unajua sababu na umeapa. Yeye anaijua na anakohoa. Hata muke wangu nafikiri anaijua, maana nikimuuliza anakumbuka kitu jikoni. Basi jana, tukirudi kutoka Kibati, nikamushika mama mukono kwenye mawe na kumuuliza wazi: "Mama, niambie. Nikiimba mimi, mukwe wako anashikwa na kifua. Akijibu Kakule, mikono inamupotea. Ukijibu wewe, chuma kinaiva kama muhogo. Ni nini hiki?"

Mama alisimama. Aliniangalia muda murefu, namna anavyoangalia ugali uliopikwa na mutu mwingine. Kisha akanipiga piga begani.

"Munyaneza, mwanangu," akasema, "Mungu alikupa mikono mizuri sana. Fua chuma."

Ndugu yako,
Munyaneza